Usisasishe seva 40 usiku mmoja kabla hujagandisha hifadhi

Usiendeshe skripti hiyo Jumamosi. Umesema una seva 40 za Ubuntu, nyingine 22.04 na nyingine 24.04, Kampala na kwenye matawi ya Jinja, Gulu na Mbarara, na unataka kuzisasisha zote kwa Ansible, chombo cha kuamuru seva nyingi kwa pamoja, usiku mmoja kwa kuwa Jumatatu ulijaribu seva moja ikaenda vizuri. Shimo liko hapo hapo kwenye "nilijaribu".

Ulichojaribu Jumatatu sicho kitakachoshuka Jumamosi. Amri ya kusasisha, apt upgrade, haijui habari za jaribio lako. Inachota chochote kilichomo saa ile kwenye hifadhi ya Ubuntu, yaani ghala la mtandaoni la paketi za programu. Katikati hapo toleo jipya la openssl, PHP au kerneli linaweza kuingia, nawe ukalipeleka kwenye seva 39 bila mtu hata mmoja kuliona likifanya kazi. Likiharibu, kurudi nyuma ni kazi ngumu. Hifadhi ya kawaida inakupa toleo lililotoka na mfumo na toleo la mwisho tu. Lile la katikati, lililokuwa likifanya kazi jana, apt haitalipata tena humo. Kosa hili nimelilipia, na bado nina hasira na mshauri aliyelipwa vizuri kutuambia "jaribu moja, kisha sukuma kote". Neno hifadhi halikumtoka kinywani hata mara moja.

Gandisha hifadhi kwanza. Weka aptly, programu ya kutunza nakala yako mwenyewe ya hifadhi, kwenye seva moja Kampala. Kwa kila toleo la mfumo, jammy (22.04) na noble (24.04), tengeneza kioo, yaani nakala, cha security na cha updates kwa aptly mirror create, ukitaja -architectures=amd64 na kuchuja paketi usizozitumia, maana universe yote, sehemu kubwa ya hifadhi inayotunzwa na jamii, itajaza diski. Kisha aptly mirror update, halafu aptly snapshot create: hiyo ndiyo picha isiyobadilika. Ichapishe chini ya njia mbili, jaribio na kazi. Seva mbili tatu zisome jaribio, zilizobaki zisome kazi. Zikikaa siku tatu bila malalamiko, aptly publish switch inaielekeza kazi kwenye picha ile ile. Usifute picha ya zamani, ndiyo utakayoirudia. Sambaza ufunguo wa GPG, unaothibitisha sahihi ya hifadhi yako, kwa kila seva, wala usikubali njia ya mkato ya trusted=yes, inayoruka uthibitisho huo.

Angalia mtego huu: kwenye 24.04 orodha ya vyanzo vya paketi imehamia /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources. Watu wanahariri sources.list ya zamani, wanaona mambo safi, kumbe seva bado inachota nje. Faida nyingine ni kwamba paketi zinashuka kutoka nje mara moja tu, si mara 40.

Kwenye Ansible weka serial, idadi ya seva kwa kila awamu: 1, kisha 5, kisha "30%", pamoja na max_fail_percentage: 0, ili kosa moja lisimamishe yote. Bila serial, kazi ya kusasisha inamalizwa kwenye seva zote 40 ndipo kazi inayofuata, ya kukagua kama huduma inajibu, ianze. Ukaguzi unakuja baada ya mazishi. Paketi za hifadhidata zizuie zisisasishwe kwa apt-mark hold, uzishughulikie peke yake, kwa sababu paketi ya PostgreSQL ikisasishwa huduma inaanzishwa upya papo hapo.

Halafu saa. Ubuntu huja na unattended-upgrades, huduma ya kujisasisha yenyewe, ikiwa imewashwa, na kipima muda chake, apt-daily-upgrade.timer, huamka saa 06:00 kwa saa ya mashine, ikichelewa kwa bahati nasibu hadi dakika 60. Mashine iliyoachwa kwenye UTC itaanza kusasisha saa tatu asubuhi ya Kampala, dirisha la wateja likiwa limefunguliwa tayari. Andika timedatectl kwenye kila moja uone inafuata saa ipi.

Gulu usiiguse kabla ya kupima betri ya UPS. Umeme ukikatika dpkg, programu inayosakinisha paketi, ikiwa katikati, paketi zinabaki nusu nusu. Ukirudi, dpkg --configure -a ndiyo ya kwanza, kabla ya kujaribu kitu kingine chochote.

Kama Mbarara kuna seva za Windows pia, zina chombo chao cha kusasisha, WSUS: gawa makundi, idhinisha kwa kundi la jaribio kwanza. Kanuni ni ile ile.

Kama unaona nakutisha bure, leo hii chukua seva mbili za toleo moja, moja Kampala na moja Jinja, uandike apt-cache policy openssl kwa kila moja bila kuendesha apt update. Soma mstari wa Candidate, toleo ambalo seva ingeliweka. Ukikuta namba mbili tofauti, kila seva inaiona kwa namna yake hifadhi uliyokuwa ukidhani zote zinaiona sawa.