Betri mpya inakufa gari likilala: tafuta kinachoifyonza

Ndugu yangu wa Malindi, umesema betri ni mpya lakini gari likilala siku mbili haliwaki. Usinunue nyingine bado.

Kwanza safisha vichwa vya betri kwa maji moto na magadi; upepo wa chumvi huko kwenu hauchelewi kuvila. Pima volti kwa mita ya umeme (multimeter): betri iliyojaa husoma kama 12.6. Washa injini, isipofika 13.5, shida ni kuchaji.

Kuchaji kukiwa sawa, zima kila kitu, acha mlango wa dereva wazi na usukume kufuli yake kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Chomoa waya wa hasi, mita uiunge kati ya waya huo na betri, ukitumia tundu la mita la ampea 10. Usiwashe gari hapo, utakata fyuzi ya mita. Subiri nusu saa au zaidi, kwa sababu kompyuta za gari huchelewa kulala. Wengi hukosea hapa. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ikisoma 0.5, kwa siku mbili zimekwenda ampea-saa 24, karibu nusu ya betri ndogo.

Sasa chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Washukiwa wa kwanza ni redio na alamu zilizofungwa baadaye, halafu taa ya buti. Ukichomoa fyuzi zote na namba isishuke, tenganisha betri, toa waya mnene wa alteneta (jenereta inayochaji betri), uufunike kwa tepu, upime tena. Namba ikishuka, diodi ya alteneta, yaani kifaa kinachozuia umeme usirudi nyuma, imekufa.