Kwa nini huwezi tena kuazima kitabu kile Internet Archive
Ndugu unayeuliza kitabu ulichozoea kuazima Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, kimekwenda wapi: hakijafutwa, kimefungiwa. Maktaba hiyo walikuwa wanaskani nakala ya karatasi wanayoimiliki na kuiazimisha kwa mtu mmoja mmoja. Machi 2020, maktaba zilipofungwa kwa korona, wakaondoa foleni, watu wengi wakaweza kuazima nakala ile ile kwa wakati mmoja. Juni wachapishaji wanne, Hachette akiwemo, wakawashtaki. Mahakama za Marekani zikawapa ushindi wachapishaji 2023, na tena kwenye rufaa 2024. Vitabu zaidi ya 500,000 vimetolewa kwenye kuazimisha. Inaniuma sana, maana mwanafunzi wa Kigoma asiye na kadi ya kulipia mtandaoni hakuwa na mlango mwingine. Lakini zuio la mahakama linahusu vitabu vyenye toleo la kielektroniki sokoni. Vya zamani visivyo nalo, endelea kuvitafuta huko huko.