Dumu la maji si kegi

Mkuu, umeuliza kama dumu la maji la lita 20 linaweza kutumika kama kegi, yaani pipa la bia la kuhimili presha, kwa kujazwa upepo kwa kompresa ya fundi tairi pale Igoma ili bia unayotengeneza nyumbani itoe povu. Usithubutu. Kwanza upepo una oksijeni, inaharibu ladha. Pili, bia yenye gesi ya kawaida kwenye joto la Mwanza, tuseme nyuzi 25, inasukuma kwa zaidi ya bar 2, kama presha ya tairi la gari. Dumu lile lina kuta bapa: ubavu utavimba, mshono wa chini utaanza kuwa mweupe, kisha paa!

Anza na chupa za soda za plastiki, zimetengenezwa kubeba gesi. Yenye mkwaruzo au mkunjo tupa. Bia ikishamaliza kabisa kuchachuka, weka sukari gramu 6 kwa lita ili itoe gesi, funga. Chupa ikiwa ngumu ukiibonyeza, ipeleke kwenye friji.

Kegi ya plastiki nunua iliyoandikwa kiwango cha presha na yenye valvu ya usalama. Mtungi wa kaboni dayoksaidi, gesi ya kutia bia povu, una zaidi ya bar 50, kwa hiyo bila regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) usiuguse. Na fungua madirisha, maana gesi hiyo hutuama chini na inaua.