"Joto limeshuka": heri au hatari?

SWALI: Mjukuu wangu wa siku nne alipimwa zahanati, hapa Newala, wakaandika "joto limeshuka". Nikasema alhamdulillahi. Kumbe mama yake amepewa rufaa! Mwandishi alikosea lugha? Na sisi tunaosema "mtoto ana baridi", je?

JIBU: Hakukosea, bibi, ila sentensi yake aliiacha njiani. "Kushuka" peke yake hakusemi joto limetoka wapi wala limeishia wapi. Mwenye homa ya nyuzi 39 akirudi 37, joto limeshuka, na alhamdulillahi yako ni mahali pake. Kichanga kikipimwa kikakutwa na 35, nalo limeshuka, na hiyo ni mbio za hospitali. Angeandika "limeshuka chini ya kawaida", na tarakimu pembeni, usingechanganyikiwa. Kawaida ya kichanga ni 36.5 hadi 37.5, chini ya 35.5 ni dalili ya hatari, huenda ana maambukizi. Mtu mzima huhesabiwa kapoteza joto akiwa chini ya 35.

"Ana baridi" ni Kiswahili safi, lakini kina mambo mawili ndani yake. "Anasikia baridi" ni habari ya mgonjwa mwenyewe: mwenye malaria hutetemeka chini ya mablanketi huku mwili unachoma. "Mwili wake ni wa baridi" ni habari ya mkono uliomgusa. Kichanga hawezi kujieleza, wala hatetemeki kama sisi, kwa hiyo kwake tumia hiyo ya pili, useme na ulipogusa. Nyayo za baridi na tumbo la moto, anaanza kupoteza joto. Tumbo nalo likiwa la baridi, hali imeshakuwa mbaya.

Neno ninaloliogopa mimi ni "amepoa". Homa hupoa, jeraha hupoa, hata ugomvi hupoa, na yote hayo ni nafuu. Ukimwambia mtu "mtoto amepoa", atakwambia mwache alale.

Mkifika hospitali semeni hivi: "Mwili wa baridi mpaka tumboni, hanyonyi vizuri, amelegea." Hapo hakuna wa kuelewa vingine. Na kwa kipupwe hiki cha huko juu, njiani akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitenge juu yao wote wawili.