Kikapu Kipo Foleni, Mwenyewe Hayupo

Barua za mwezi huu zimenirudisha kwenye kiti nilichokikalia miaka tisa, kiti cha keshia katika duka kubwa moja hapa Moshi mjini. Siku hizi nina duka langu dogo kule Rau, lakini nilipozisoma nilikuwa kama nasikia ile mashine ikilia tena, bidhaa moja baada ya nyingine. Nimechagua tatu.

*Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Majengo, Moshi. Tarehe 23 Desemba niliingia supamaketi na mtoto mgongoni, nikachukua mkate na pakiti mbili za maziwa. Kwenye foleni mbele yangu palikuwa na toroli limejaa pomoni, mwenyewe hayupo. Akatokea dada mmoja, akatumbukiza mafuta, akaondoka. Akarudi na soda, akaondoka tena. Keshia alipoita anayefuata, mwenye toroli hakuwepo, nikapita. Nikiwa nalipa akaja juu, akaniambia mbele ya watu kwamba sina adabu na kwamba watu wa uswahilini ndivyo tulivyo. Sikumjibu, ila nililia njiani. Mama, nilikosea?*

Marahaba mwanangu. Hukukosea. Nakwambia hilo kwanza ili yanayofuata uyasome ukiwa umetulia.

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka tisa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, lakini madukani hapakuwa na kitu: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote vya kuvizia. Mama yangu alikuwa akiniamsha saa kumi na moja alfajiri na kunipa jiwe. Lilikuwa jiwe la mtoni, jeusi, lina mstari mweupe katikati. Nilikwenda nalo mpaka mlangoni pa duka la ushirika, nikalipanga nyuma ya mawe ya wenzetu, ndoo zilizotoboka na kandambili kuukuu, kisha nikarudi nyumbani kujiandaa na shule. Mama alikuja baadaye kusimama mahali pa jiwe lake.

Wanaosimulia foleni zile husimulia shida tu. Mimi nakumbuka na sheria zake, ambazo hakuna aliyeziandika wala askari aliyezisimamia. Jiwe moja lilikuwa la mtu mmoja. Mwenye dharura aliaga wa mbele yake na wa nyuma yake. Na mlango ukishafunguliwa, jiwe lisilo na mtu lilisogezwa pembeni kwa mguu, taratibu, bila matusi. Mwenyewe akichelewa, alikwenda mwisho wa foleni akanyamaza, maana alijua kwamba jiwe hushika nafasi tu, halinunui.

Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, Mzee Mwinyi akaingia 1985, na taratibu bidhaa zikarudi. Tulifurahi mno kuachana na foleni, hata sheria zake tukazitupa pamoja na mawe. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakufundishwa kusimama, kwa kuwa hapakuwa na cha kusimamia. Sasa foleni zimerudi, na safari hii wingi ndio ulioziita. Unaijua Moshi ya Desemba, ndugu zetu wa Dar wanapopanda kuja kula Krismasi migombani. Siku tatu kabla ya sikukuu, kaunta moja inabeba watu ambao mwezi Machi wangekuwa wa siku nzima.

Lile toroli, kwa hiyo, lilikuwa jiwe. Yule dada alikuwa na haki ya kuliacha kama angemwambia aliye nyuma yake, "Samahani mama, nimesahau chumvi, narudi sasa hivi," akarudi kweli. Alichofanya yeye ni kununua akiwa ndani ya foleni. Kila safari yake ikichukua dakika mbili, na nyuma yake wamesimama watu kumi, ni dakika ishirini za watu wengine amezitumia kwa mara moja. Hakuna anayeziona dakika hizo kwa kuwa zimetoka mifukoni mwa watu tofauti. Mimi nilikuwa naziona, kwa sababu nilikuwa nimekaa nikiwatazama usoni.

Na ile sheria ya jiwe moja mtu mmoja tumeisahau vilevile. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika baada ya zile mvua kubwa, duka moja la mjini lilibandika karatasi: kila mteja kilo mbili. Nilimwona baba wa makamo ameingia na watoto wanne, kila mtoto amekabidhiwa kilo mbili na hela yake mkononi, wamepangwa foleni kama hawajuani. Mama mzee aliyekuwa nyuma ya mtoto wa mwisho aliikosa. Kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo kusini mwa mji wetu, na bado tulinyang'anyana hivyo. Mpaka leo nikimkumbuka yule mama moyo unaniuma, hasa kwa kuwa wale watoto walikuwa wakijifunza.

Nirudi kwako. Siku nyingine kabla hujapita, sema kwa sauti inayosikika, "Jamani, mwenye toroli hili yuko wapi? Hayupo, basi napita." Huombi ruhusa. Unawafanya walio nyuma wawe mashahidi, na mtu akija juu atakuta foleni nzima ndiyo imeamua. Kazi hiyo kwa haki ilikuwa ya keshia. Nasikitika alikaa kimya ukitukanwa mbele yake wakati yeye ndiye aliyekuita. Wenzangu mnaokaa kaunta, neno moja linatosha: "Dada, nilimwita mimi." Nililisema mara nyingi, na sikuwahi kuona mteja aliyebishana nalo.

Hilo la uswahilini halihusiani na foleni hata kidogo. Alikosa hoja, akatafuta pa kukuchoma. Wewe ulikuwa na vitu vitatu na mtoto mgongoni. Aliyelelewa vizuri, awe wa Majengo au wa Shanty Town kwa wenye nazo, angekwambia "Pita mama, una mtoto" kabla hujafungua mdomo. Nilikuwa na mteja mmoja mzee wa Kibosho, kila Jumamosi na kofia yake. Hata akiwa na chumvi tu, akiona mama mwenye mtoto nyuma yake hurudi hatua moja na kumwonyesha njia kwa kofia. Kwangu alianza na "Habari za tangu asubuhi, mama?" na alisubiri nijibu ndipo aweke chumvi yake kaunta. Kwa siku moja nilihudumia watu zaidi ya mia, wengi wakiwa na simu sikioni, wananisukumia noti bila kunitazama. Duka la mtaani hatuingii bila kusalimia. Sijui kwa nini tunadhani mlango wa kioo umetufutia salamu.

*Habari za leo mama. Mimi ni baba wa miaka 41, nakaa Soweto hapa hapa Moshi. Nikibadili mawazo dukani huwa naacha kitu pale nilipo. Juzi niliacha kuku wa kugandishwa kwenye rafu ya sabuni, mke wangu akamrudisha friza mwenyewe, amenuna mpaka nyumbani. Mimi nasema wafanyakazi wapo na wanalipwa kwa kazi hiyo. Nani ana haki?*

Mke wako, kaka. Umwambie nimesema.

Kwangu Rau mteja anasimama nje ya kaunta, anataja anachotaka, namletea. Akighairi narudisha mimi, na hiyo ni kazi yangu kweli. Zamani maduka ya vyakula yalikuwa hivyo hata Marekani. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis, mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders alifungua duka lake la Piggly Wiggly, akawaacha wateja wapite wenyewe kati ya rafu na kikapu mkononi, walipie mlangoni. Wauzaji walipungua, na bei ikaweza kushuka. Supamaketi unayoingia wewe ni mjukuu wa duka lile. Tumekubali kuifanya wenyewe kazi ya kuchukua, na mimi naona kurudisha ni nusu ya pili ya kazi hiyo hiyo.

Ungeacha pakiti ya tambi kwenye rafu ya sabuni nisingekuandikia hivi. Kuku ni jambo jingine. Friza ya duka inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyama ikishapanda juu ya nyuzi 5, vijidudu vinaanza kuzaliana upesi, na vikipata joto linalovifaa vingine hujigawa viwili kila dakika 20. Mchana wa Februari hapa Moshi joto linapita nyuzi 30. Kijana wa rafu akimkuta kuku wako ametepeta, atamtupa, na hiyo ni hasara ya duka. Ninayemwogopa mimi ni yule aliyekutwa bado mgumu kwa nje, ambaye hakuna ajuaye amekaa kwenye sabuni tangu saa ngapi, akarudishwa friza kwa nia njema kabisa, akaganda upya. Kesho yake mama fulani anamnunua akawapikie watoto. Nilishamshika kuku wa namna hiyo kaunta, maji ya damu yamegandia pembeni mwa mfuko. Nilimwomba mteja abadilishe, akakasirika kwamba namchelewesha.

Ukighairi karibu na friza, rudi hatua zako. Ukighairi ukiwa umefika mbali, mkabidhi mhudumu au keshia: "Naomba huyu arudi friza, nimeghairi." Lakini sema kabla hajapitishwa kwenye mashine. Akishapita, keshia wa kawaida kwa kawaida hawezi kumtoa. Anamwita msimamizi mwenye ufunguo, na msimamizi yuko stoo, na foleni yote inakungoja.

Kuna jambo lingine ambalo hukuliandika, na huenda si lako, ila nimelibeba miaka mingi. Wengi wanaoficha vitu kwenye rafu si wavivu. Wamepiga hesabu kichwani, wakaona hela haitoshi, na wanaona haya kusema. Nilikuwa nawakuta hasa tarehe za katikati ya mwezi: mafuta ya lita tatu yamefichwa nyuma ya pedi, jibini nyuma ya majani ya chai. Kama kuna msomaji wa namna hiyo, nakuomba uje nalo kaunta. Mama mmoja aliwahi kutoa vitu mbele yangu kimoja kimoja, sukari, kisha dawa ya meno, mpaka hesabu ikafika kwenye noti yake ya elfu kumi. Nilimsubiri. Kijana wa nyuma yake akaguna, nikamtazama, akanyamaza. Anayengoja nyuma ya mtu kama huyo ndiye hasa anayepimwa adabu.

*Shikamoo mama. Nipo Arusha, Sakina. Mwanangu wa miaka mitatu akilia dukani namfungulia biskuti, au nampa zabibu anakula tukiwa tunatembea, nalipa mwishoni. Dada yangu anasema ni wizi. Ni kweli?*

Marahaba mama. Biskuti ya pakiti ina bei moja, iliwe au isiliwe, na ukiilipia siwezi kuiita wizi. Lakini mpaka ulipie si yako, kwa hiyo mwambie mhudumu aliye karibu kabla ya kufungua, na karatasi yake ibaki nzima, ile sehemu yenye mistari ya mashine isichanike. Zabibu hapana. Zinauzwa kwa kilo, na mizani itapima zilizobaki. Isitoshe hazijaoshwa, na zimeshikwa na kila aliyepita. Beba ndizi moja kutoka nyumbani, Arusha ndizi hazijatupungukia.

Ukifika kaunta, mwache mtoto mwenyewe amkabidhi keshia ile karatasi. Wa kwangu nilimzoesha hivyo akiwa wa umri huo huo. Sasa ni mtu mzima, yuko chuo, na akinywa maji dukani kabla ya kulipa, ile chupa tupu ndiyo ya kwanza anayoiweka kaunta.