Mkongwe wa soko akichoka, nani hupata nafasi?

Mleta uzi anataka kuuza sabuni ya maji kwenye supamaketi, na ameuliza kama mgeni ana nafasi yoyote pale wakongwe waliposhika soko. Mimi napeleka siagi ya njugu supamaketi za Nairobi na Thika tangu enzi za Nakumatt, supamaketi iliyokuwa kubwa Kenya. Nafasi ipo, ila usipime mkongwe, yaani supamaketi kubwa ya siku nyingi, kwa idadi ya matawi. Mpime kwa anavyolipa.

Majitu haya hayakuangushwa na wageni. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanza mwaka 1975, ilifungwa 2006, ikafufuliwa, na 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, iliyolemewa na madeni, iliwekwa na mahakama chini ya msimamizi Januari 2018. Matawi yalifunguliwa kwa madeni, na sehemu ya madeni hayo ilikuwa jasho letu sisi tunaopeleka bidhaa.

Dalili utaziona rafuni kabla ya magazetini. Maziwa na mkate hupungua kwanza, kwa sababu wenye bidhaa hizo hawawezi kungoja pesa. Kisha bidhaa moja inatandazwa rafu nzima ili pengo lisionekane. Meneja wa tawi anakupigia umwongezee mzigo, huku ofisi ya malipo haishiki simu. Kuna mkongwe mmoja aliyenifanyia hivyo hadi nikakosa pesa ya kununua njugu, na mkulima wa njugu hauzi kwa ahadi. Inauma sana, maana jina lake kubwa ndilo lililofanya tumwamini.

Sasa tazama nani alifaidika. Carrefour, supamaketi yenye asili ya Ufaransa, iliingia Kenya 2016, ikachukua nafasi za Nakumatt kwenye majengo ya maduka ya Thika Road Mall na Junction, Nairobi. Mwenye jengo aliyepoteza mpangaji mkuu hawezi kungoja, kwa sababu maduka madogo yote humo hukosa wateja. Naivas, iliyoanza 1990 kama duka la Rongai, Nakuru, ilinunua matawi sita ya mwisho ya Nakumatt. Wafanyakazi wenye ujuzi walikuwa wanatafuta kazi, wateja wamezoea njia ya kufika pale. Lakini Tuskys, supamaketi nyingine kubwa ya Kenya iliyotaka kuungana na Nakumatt yenyewe, nayo ilizidiwa na madeni na kufunga matawi kuanzia 2020. Kurithi jengo la mkongwe na kujitwika mzigo wake ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwako wewe wa sabuni: nenda kwa anayefungua tawi jipya, wiki zile rafu bado tupu. Wakati huo mnunuzi anakuhitaji, na masharti ya malipo yanajadilika. Omba muda mfupi wa kulipwa, uandikwe kwenye mkataba, na usipeleke mzigo wa pili kabla ya wa kwanza kulipwa, hata akikuahidi matawi yote ya nchi.