Maswali ya Wasomaji: Video ya Simu, Sanaa na Ushahidi

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu wa miaka 19 hutengeneza video za dakika moja kwa simu na kuziweka mtandaoni, akifafanua mambo ya kodi na bei za vyakula. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, husema hiyo si sanaa wala siasa, ni kumaliza bando tu. Yupi aliye sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa heshima zote kwa mwalimu wetu, niko upande wa binti. Tarehe 18 Januari 2011, kijana wa Kimisri, Asmaa Mahfouz, aliketi mbele ya kamera uso wazi akawaambia wenzake kwamba tarehe 25 angekwenda kuandamana katika Uwanja wa Tahrir, jijini Cairo, nao wamfuate. Umati ulifurika siku hiyo, na tarehe 11 Februari Rais Hosni Mubarak akaachia madaraka. Sisemi kwamba video moja iliangusha utawala wa karibu miaka 30, kwa kuwa hasira ya Wamisri ilikuwa imekwisha kukomaa na Watunisia walikuwa wametangulia kumwondoa rais wao. Nasema kwamba kumkabili mtazamaji machoni, kwa sauti isiyosoma karatasi, ni ufundi uleule anaoujua mghani wa tenzi mbele ya hadhira yake.

Jirani zetu wa Kenya waliuendeleza ufundi huo mwaka 2024. Muswada wa Fedha, ulioandikwa kwa Kiingereza kizito cha kisheria, vijana waliufafanua kwa video fupi za Kiswahili, Sheng na lugha za makabila yao, wakianza na kitu kilicho mezani, kama mkate uliopendekezwa kutozwa kodi ya asilimia 16. Kuchagua kifungu kimoja kati ya vingi na kukimaliza kabla mtazamaji hajachoka ni kazi ya utungaji. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada huo.

SWALI: Siku hizi kila video inayomuudhi mkubwa huitwa ya uongo. Mtu wa kawaida afanye nini ili alichokirekodi kisipuuzwe? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wao kando ya njia na kuwapiga risasi. Serikali ya Kameruni iliikana. Waandishi wa BBC Africa Eye, kitengo cha habari za uchunguzi cha BBC, waliikagua fremu kwa fremu: safu ya milima iliyoonekana nyuma waliilinganisha na picha za setilaiti hadi wakafika karibu na kijiji cha Zelevet, katika mkoa wa Kaskazini ya Mbali, na kwa kuangalia majengo, njia na vivuli wakakadiria kuwa mauaji yalitokea kati ya Machi na Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10. Ninapoikumbuka video hiyo huwafikiria kwanza watoto wale, kisha ule mlima, ambao haukuweza kukanwa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla ya kusogea karibu na tukio, anza kwa kuonyesha mahali: kilima, mnara, kibao cha duka, njia panda. Tuliza mkono na uache kipande kiwe kirefu bila kukikatakata. Nakala asili usiiwekee muziki wala maandishi, na usitegemee ile uliyotuma kwa WhatsApp, kwa sababu njia hiyo huibana picha na kuondoa taarifa za siku na mahali zilizomo ndani ya faili. Ile utakayoipakia mtandaoni ifunike nyuso za waliokuwa wakikimbia, maana wanaowasaka nao hutazama; ile ya asili iache ilivyo, na uihifadhi mahali pawili.